Mninga: ubao unaotulia mahali pake

Wengi wanaotaka samani za mninga huanza kwa kusifu ugumu wake. Nawaelewa, maana kwetu ubao ukishaitwa mgumu huhitaji sifa nyingine. Lakini mninga si mgumu kiasi hicho. Ukikauka vizuri, mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 600 hadi 650 hivi, karibu sawa na msaji, ambao wengi tunauita tiki. Mpingo hufika kilo 1,200 na zaidi, ukiutupa majini unazama. Mimi mninga naupendea jambo jingine kabisa: hauchezi.

Kila ubao huvuta unyevu wa hewa wakati wa mvua na kuutoa wakati wa kiangazi. Ukivuta hutanuka, ukitoa husinyaa. Kwa miti mingi, ubao husinyaa ukifuata mzunguko wa pete za mti karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kwenye kiini kuelekea kwenye gome. Tofauti hiyo ndiyo inayoukunja ubao na kuupasua vichwani. Mninga husinyaa kidogo pande zote mbili. Ndiyo maana mlango wa mninga uliokaushwa ipasavyo hufunga masika kama unavyofunga kiangazi, na droo yake haikwami. Paneli pana za milango, fremu za madirisha, uso wa meza, kabati lenye milango miwili inayokutana katikati: hizo ndizo kazi zake. Kumwaga mninga kwenye boriti za paa, mahali ambapo hakuna atakayejali milimita mbili, naona ni ufujaji.

Wenzetu wa kusini wanalijua hilo kwa majina mengine. Zambia na Zimbabwe wanauita mukwa, Afrika Kusini kiaat. Zimbabwe vibao vya marimba huchongwa kwa mukwa, kwa kuwa una mlio mzuri na ukishawekwa sawa sauti yake, hubaki hivyo. Chombo cha muziki ambacho ubao wake unacheza hupoteza sauti kila msimu unapobadilika.

Kwenye karakana hauna shida nyingi. Unakubali gundi na skrubu, patasi inaingia vizuri, na ukipigwa msasa mwembamba unang'aa hata kabla ya vanishi. Nyuzi zake wakati mwingine hupishana, kwa hiyo randa butu itanyofoa vipande upande mmoja wa ubao huku upande wa pili ukitoka laini. Noa, punguza kina cha randa, geuza ubao. Vumbi lake ni suala zito zaidi. Linawasha pua, na kwa baadhi ya watu huleta pumu, hasa vumbi laini la msasa. Funika pua na mdomo kwa barakoa inayozuia vumbi kweli, si kitambaa.

Sasa tuje kwenye weupe wa pembeni, maana hapo ndipo watu wanapoliwa hela. Kiini cha mninga kina rangi ya kahawia, mara nyingine chenye michirizi ya dhahabu au wekundu, na mchwa hawakipendi. Sehemu ya nje, iliyo chini ya gome, ni nyeupe yenye umanjano na haina kinga hiyo. Ina wanga, na vinyweleo vyake ni vipana vya kutosha mbawakawa wadogo kutagia mayai. Funza wao hula kimyakimya ndani, na wewe unakuja kuona vitundu na unga laini sakafuni wakati kitanda kimeshakaa ndani ya nyumba. Rangi ya kupaka haiwatoi. Inachofanya ni kuuficha weupe, na ndiyo kazi inayopewa mara nyingi. Kabla hujalipa, tazama mgongo wa ubao na vichwa vyake, chini ya meza, nyuma ya droo. Rangi ikiwa moja kabisa kila mahali, nami ningekwangua kidogo kwa kisu. Mninga halisi haukosi tofauti kati ya ubao na ubao.

Weupe umezidi kwa sababu miti inakatwa ikiwa bado michanga. Mninga, Pterocarpus angolensis kwa jina la kitaalamu, huota kwenye misitu ya miombo, na ukuaji wake ni wa taratibu mno. Mche wake huungua au kukauka juu mwaka hadi mwaka huku mzizi ukinenepa chini, mpaka upate nguvu ya kutoa shina linalostahimili moto. Baada ya hapo kiini kinahitaji miongo mingi kupanuka. Gogo jembamba likipasuliwa, unene mkubwa wa mbao zake ni weupe mtupu, na fundi anabaki kuchagua kati ya kutupa nusu ya mzigo au kuupaka rangi.

Mwaka 2022 mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, uliofanyika Panama uliingiza miti yote ya jamii ya Pterocarpus ya Afrika kwenye Kiambatisho cha II, yaani orodha ya viumbe ambavyo biashara yake inadhibitiwa. Kwa hiyo magogo, mbao zilizopasuliwa, veneer (vipande vyembamba vya kubandika) na plaiwudi za mninga haziruhusiwi kuvuka mpaka bila kibali cha CITES. Mwenye oda ya nje ya nchi ashughulikie kibali hicho kwanza, kabla hajanunua hata ubao mmoja.