Shule ya makabila yote Nairobi: yale watu husema, na yale ni kweli

Ingia shule yoyote ya kutwa upande wa Pumwani, Eastleigh ama Kayole, kwa darasa moja utapata Mkamba, Mluo, Msomali, Mborana, mtoto wa Congo na wa Sudan Kusini, na kila mtu ako na maoni vile hiyo shule inafaa kuendeshwa, hasa wale hawajawahi kuingia. Mimi nafundisha huko na kuna maneno nimechoka kuyasikia, wacha niyajibu.

"Ukishawachanganya tu watazoeana."

Wapi! Simama uwanjani saa ya lanchi uangalie vile wamekaa. Wasomali chini ya mti, Wakongo kwa ngazi, wengine wamejipanga kwa lugha ya mama na hakuna mtu amewatuma. Gordon Allport, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika 1954 kwamba chuki hupungua watu wakikutana wakiwa na hadhi sawa, lengo moja, wakisaidiana kulifikia, na wakubwa wao wakiunga mkono. Vikikosekana hivyo mnaweza kukaa dawati moja miaka minne mkatoka mnajuana majina tu.

Sasa inafanywa aje? 1971 huko Austin, Texas, shule zilikuwa zimeanza kuchanganya weusi, wazungu na Walatino na fujo zikawa nyingi, basi mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake wakaanza kugawa somo vipande, kila mtoto kwa kikundi anapewa kipande chake peke yake, anakisoma, anakuja kuwafundisha wenzake, alafu mtihani unatoka kwa somo lote. Yani huwezi kumdharau mtu ameshika kipande unachohitaji. Hata kwa darasa limejaa na vitabu ni haba inafanyika, tena vitabu vikiwa haba ndio inafaa zaidi, chukua mada kama Maumau uigawe mara tano. Lakini vikundi panga wewe mwenyewe, ukiwaachia wachague wanarudi kwa mti.

"Si tuko na siku ya utamaduni?"

Mko nayo. Anjera, mursik, lesso, picha zinaenda kwa grupu ya wazazi, na Jumatatu kila mtu amerudi kwa watu wake. Ifanyeni, chakula ni kitamu enyewe, lakini msifikirie kazi imeisha hapo.

"Kutaka watoto wafike juu ni kuwakalia ngumu."

Hii ndio inanikasirisha. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni 2001, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia, na bado mzazi anakuja ananiambia mwalimu huyu mchape, nimekupea ruhusa. Mama, hiyo ruhusa huna. Na kiboko hakijawahi kumwambia mtoto anaweza Hesabu, kinamwambia tu anyamaze.

Kutarajia makubwa ni kitu ingine kabisa, na mara nyingi hakionekani. Kuna utafiti Rosenthal na Jacobson walitoa 1968, shule ya msingi moja huko California, walimu waliambiwa watoto fulani watapaa mwaka huo, kumbe majina yalichaguliwa ovyo tu, lakini mwisho wa mwaka baadhi yao, hasa wale wadogo wa darasa la kwanza na la pili, walikuwa wamepanda kuliko wenzao. Wasomi wamebishana sana kuhusu ukubwa wa hiyo tofauti, na wako na haki, lakini angalia tu vile sisi walimu tunauliza maswali. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, alipima akapata mwalimu wa kawaida akiuliza hungoja kama sekunde moja hivi kabla hajaruka kwa mwingine, na wakingoja tatu hivi majibu yanakuwa marefu na wale hawasemangi wanaanza kusema. Sasa fikiria nani hukatwa na hiyo sekunde moja, ni yule anatafsiri swali kichwani kwanza. Alafu kuna huruma. Staff room utasikia "huyo ametoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, usimsumbue na maswali magumu," na anayesema hivyo ni mtu mzuri tu, hana ubaya, lakini ameshamshusha mtoto na mtoto ameona. Ukitaka kumsaidia mpe swali gumu lile lile, umngoje, na akikosa mrudishie kazi airudie, usimwekee C ya pole.

"Hajui Kingereza vizuri, ni mzito."

Jim Cummins, mtaalamu wa elimu ya lugha mbili huko Canada, ameonyesha lugha ya kupiga stori mtoto huipata kwa miaka kama miwili, lakini ile ya kusoma na kuandika mitihani huchukua mitano hadi saba kuwafikia wenzake. Kwa hivo yule anabonga poa na wenzake nje alafu kwa insha anaanguka hana uvivu wowote, bado yuko njiani. Na kuna vitu vidogo vinawamaliza bure: mtoto amesoma kwa Kifaransa huko Goma anaandika 3,5 pale sisi tunaandika 3.5, akigawanya anaweka namba ya kugawa upande wa kulia, jibu ni sawa kabisa na mwalimu kwa haraka anaweka mkasi, ile X ya kukosa.

"Sheria ni moja kwa wote, asiyetaka aende."

Pole pole. 2019 Mahakama Kuu iliamuru shule moja hapa Nairobi imrudishe msichana wa Kirasta waliyemkataza kwa sababu ya nywele. Siongezi kitu hapo.

"Wazazi wa mitaa hii hawajali masomo."

Mkutano umeitwa Jumatano saa tatu asubuhi, mama yuko soko la Gikomba tangu alfajiri anangoja belo za mitumba zifunguliwe, barua yenyewe imeandikwa Kingereza cha ofisini, asipokuja mnaandika hajali. Iteni Jumapili saa nane, mtume ujumbe wa sauti kwa Kiswahili na Kisomali, alafu muone kama viti vitatosha. Na simu ya kwanza ya mwaka isiwe ya kesi, mwalimu wa darasa apige wiki za mwanzo kusema mtoto amefanya nini vizuri, ndio siku ya kesi mzazi asiizime. Krediti ya hizo simu itoke kwa shule, si kwa mfuko wa mwalimu.