Likopeni: wekundu wa nyanya hauongezi damu

Likopeni ni rangi. Ndiyo inayoifanya nyanya iliyoiva iwe nyekundu, na imo pia kwenye tikitimaji, mapera yenye nyama nyekundu na baadhi ya mapapai. Iko katika kundi moja na rangi ya karoti, kundi liitwalo karotenoidi. Husifiwa kwa kuwa inaweza kupunguza makali ya kemikali zinazochakaza seli. Maana yake ni hiyo.

Nisichoweza kuendelea kukinyamazia ni ushauri unaopita kutoka mdomo hadi mdomo: damu ikipungua, kunywa juisi ya nyanya, likopeni yake inaongeza damu. Wanaambiwa wajawazito, wanaambiwa waliotoka kujifungua, wanaambiwa wazazi wa watoto waliopauka. Kinachoniumiza si juisi yenyewe, maana nyanya ni chakula kizuri. Ni kwamba mtu akishaamini glasi ile ni damu, vidonge vya madini ya chuma alivyopewa kliniki hubaki kwenye pakiti.

Damu ni nyekundu kwa sababu ya himoglobini, protini iliyobeba madini ya chuma, na chuma hicho ndicho kinachoshika oksijeni kwenye mapafu na kuisambaza mwilini. Uboho wa mifupa hauwezi kutengeneza chembe nyekundu za kutosha bila chuma, asidi ya foliki na vitamini B12. Sasa itazame likopeni: ina kaboni 40 na haidrojeni 56, basi. Hakuna chuma ndani yake hata kidogo. Wekundu wake unatokana na namna kaboni hizo zilivyoungana katika mnyororo mrefu unaofyonza mwanga wa buluu na kijani, ukaliachia jicho mwanga mwekundu. Kiazisukari chekundu (bitiruti) nacho kina rangi nyingine kabisa, betalaini, na rozela ina anthosianini. Macho huziona zote kuwa nyekundu. Uboho hauna pa kuitumia hata moja.

Wapo pia wanaosema "vitamini ya likopeni". Vitamini ni kitu ambacho mwili ukikikosa kwa muda huugua, na hakuna ugonjwa unaotokana na kukosa likopeni. Rangi ya karoti, beta-karotini, mwili huweza kuigeuza kuwa vitamini A kwa sababu ncha zake zimejikunja kuwa pete za umbo linalofaa. Likopeni haina pete hizo, ncha zake ziko wazi, hivyo haigeuki vitamini A hata ukinywa ndoo.

Je, juisi ya nyanya haimsaidii kabisa mwenye upungufu wa damu? Inamsaidia, ila kwa mlango wa nyuma. Ina vitamini C, na vitamini hiyo hukiweka chuma cha maharage, dengu na mboga za majani katika hali ambayo utumbo unaweza kukifyonza. Ina foliki kiasi. Chuma chake chenyewe ni kidogo: glasi ya mililita 240 huwa na miligramu 1 hivi, wakati mjamzito anahitaji takriban miligramu 27 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe uone ni glasi ngapi. Tena vitamini C hupungua kwa moto, ilhali likopeni hufyonzwa vizuri zaidi nyanya ikipikwa na mafuta kidogo. Anayetafuta msaada wa chuma na anayetafuta likopeni hawatafuti kitu kimoja, wala hawahitaji kuiandaa nyanya kwa njia moja.

Kuhusu saratani ya tezi dume, ambako likopeni ndiko ilikopatia umaarufu, tuwe waangalifu vilevile. Mwaka 2005 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipitia tafiti zilizokuwepo, ikaona ushahidi wa nyanya dhidi ya saratani hiyo ni mdogo sana, na kwa vidonge vya likopeni haikuona ushahidi wa kutegemewa.

Tahadhari ninazozipa uzito ni mbili. Glasi ile ile ya mililita 240 ina potasiamu ya miligramu 500 hivi. Kwa mwenye figo nzima ni faida, lakini mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa kama lisinoprili, losartani au spironolaktoni, potasiamu inaweza kumjaa kwenye damu hadi mapigo ya moyo yakavurugika. Huyu aongee na daktari wake kwanza. Ya pili ni chumvi: juisi ya kopo iliyotiwa chumvi inaweza kuwa na sodiamu ya miligramu 600 kwa glasi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe 2,000 kwa siku nzima. Mwenye presha asome lebo. Mwenye kiungulia atajijua mwenyewe baada ya glasi chache.

Likopeni yenyewe haina sumu. Mwaka 1960 madaktari walieleza habari za mwanamke aliyekunywa karibu lita mbili za juisi ya nyanya kila siku kwa miaka. Ngozi yake ilikuwa imegeuka rangi ya machungwa. Likopeni ile ndiyo iliyoipaka ngozi yake rangi.

Kwa hiyo ukimwona mtu anamshauri mjamzito mwenye damu ndogo anywe juisi ya nyanya, usimkatishe. Mwongezee tu: aitengeneze mbichi, bila chumvi, aishushie na mlo wenye maharage au kidonge chake cha chuma, na chai aiache mpaka saa moja au mbili zipite, kwa sababu chai huzuia chuma kufyonzwa.