Suti ya mpira ya kusafu haizuii maji

Mitumbani Mwanjelwa, Mbeya, mara mojamoja huwa inatokea ile suti nyeusi ya mpira wanayovaa watu wa kusafu kwenye muvi, wale wanaoteleza na ubao juu ya mawimbi, na muuzaji atakwambia chukua bosi, hapa tone la maji halipiti. Hapana jamani, maji yanapita, yanaingia shingoni, mikononi, hata kwenye mishono. Sasa kuna wanaojua hilo halafu wanasema basi yale maji yakishapata moto wa mwili ndo yanakupasha, hii nayo imezunguka miaka na miaka na bado siyo. Kinachokukinga ni mpira wenyewe, neoprini, ndani umejaa vipovu vidogo vya gesi na gesi haipitishi joto kirahisi, ni kama sponji vile. Hugh Bradner, mwanafizikia wa California, aliliona hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwamba si lazima uwe mkavu ndo usigande. Suti kubana ni ili maji baridi yasiwe yanaingia na kutoka kila saa, basi.

Kwa hiyo bodaboda wa Uyole, Mbeya hiyohiyo, ukiivaa asubuhi ya baridi ya Julai utaona nafuu kweli, ila kujisaidia ndo shughuli 😂. Ukishuka Matema kuogelea iache tu nyumbani, Ziwa Nyasa lina uvuguvugu wake.