Kovalevski si bwana: dhana potofu kuhusu jina la mwanahisabati Sofya Kovalevskaya

Ukisoma milinganyo ya tofauti (inayoeleza jinsi kiasi kinavyobadilika) chuoni, mapema au baadaye utakutana na theoremu, yaani kanuni iliyothibitishwa, ya Cauchy na Kovalevski. Wengi hudhani ni mabwana wawili. Huyo wa pili ni bibi, mzaliwa wa Moscow, 1850.

Dhana: "Kovalevski" ni makosa ya tahajia.
Ukweli: Kirusi hubadilisha mwisho wa jina la ukoo kwa kufuata jinsia. Mume ni Kovalevsky, mke ni Kovalevskaya, na binti yao vilevile. Kwetu sisi ambao "yeye" ni yuleyule kwa mume na mke, jambo hili lina ugeni wake. Lakini Sofya mwenyewe, alipochapisha kwa Kijerumani na Kifaransa, aliwahi kujiandika Kowalevski. Tahajia haina kosa. Kosa ni kumwita bwana.

Dhana: Ni jina la babake.
Ukweli: Babake, jenerali wa mizinga, alikuwa Korvin-Krukovsky. "Kovalevskaya" lilitokana na ndoa ya 1868 na Vladimir Kovalevsky, mtafiti wa visukuku. Ndoa yenyewe ilikuwa ya jina tu. Vyuo vikuu vya Urusi havikuandikisha wanawake, na msichana hakuweza kwenda kusoma ng'ambo bila ruhusa ya baba au mume. Akatafutwa mume wa kumtoa. Jina tunalomjua nalo leo lilianza kama kibali cha safari! Baadaye wakawa mke na mume kwelikweli, na mwaka 1878 wakapata mtoto.

Dhana: Alisoma Chuo Kikuu cha Berlin.
Ukweli: Kilimkatalia. Mwanahisabati Weierstrass wa chuo hicho alimfundisha faraghani, na Chuo Kikuu cha Göttingen, pia cha Ujerumani, kikampa udaktari mwaka 1874.

Dhana: Alituzwa kwa kuwa mwanamke.
Hii ndiyo inayoniudhi. Katika shindano la Akademia ya Sayansi ya Paris la 1888, makala hazikuwa na majina. Kila moja ilikuwa na kaulimbiu, na jina lilifungiwa ndani ya bahasha. Waamuzi walisoma kazi kuhusu mzunguko wa kitu kigumu, kama pia ya watoto inayozunguka huku uzito wake ukiegemea upande, wakaipenda hata wakapandisha zawadi kutoka faranga 3,000 hadi 5,000. Kaulimbiu ilisema: sema ujualo, fanya likupasalo, liwalo na liwe. Ndipo bahasha ikafunguliwa.