Je, wajua? Kwa nini Australia ilikwenda vitani kwa shangwe, kisha ikakataa mara mbili kuwalazimisha vijana wake kupigana?

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mama wa Australia aliyekuwa na mwana vitani aliogopa kitu kimoja kuliko vyote: kumwona padri au mchungaji akiingia mtaani siku isiyo ya ibada. Jeshi lilikuwa limewapa viongozi wa dini kazi ya kupeleka habari za msiba. Simu ya maandishi ilimfikia padri kwanza, naye ndiye aliyekwenda kubisha hodi. Majirani walichungulia madirishani waone atasimama mlango wa nani.

Nchi nzima ilikuwa na watu wasiofika milioni 5. Waliojiandikisha jeshini walikuwa 416,809, wote kwa hiari yao. Zaidi ya 330,000 walivuka bahari, na takriban 60,000 hawakurudi. Mazishi yalifanyika hukohuko walikofia. Maiti iliyorudishwa nyumbani miaka ile ilikuwa moja tu, ya Jenerali William Bridges aliyeuawa kwenye kampeni ya Gallipoli mwaka 1915. Familia nyingine zote ziliomboleza bila kaburi, na ndiyo maana hata mji mdogo wa Australia leo una mnara wenye majina. Mnara ule ulishika nafasi ya kaburi.

Nchi hiyohiyo iliulizwa mara mbili, kwa kura, kama serikali iruhusiwe kuwapeleka vijana vitani kwa lazima. Mara zote mbili ikajibu hapana. Kwa nini?

Tuanze na shangwe, kwa maana ilikuwa ya kweli. Mwaka 1914, kabla hata Uingereza haijatangaza vita, Andrew Fisher, aliyekuwa karibu kuwa waziri mkuu tena, aliahidi kwamba Australia itaisaidia Uingereza mpaka mtu wa mwisho na shilingi ya mwisho. Vijana walifurika vituoni. Jeshi lilichagua kama mtu anayechagua mbegu: asiyefikia urefu wa futi 5 na inchi 6 alirudishwa nyumbani. Mshahara ulikuwa shilingi 6 kwa siku, mkubwa kuliko wa askari wa kawaida wa Uingereza. Wengi hawakuwa wamewahi kutoka nje ya nchi yao, na safari yenyewe iliwavuta.

Hata pwani yetu iliwaona. Manowari ya Australia iitwayo Pioneer ilifika Afrika Mashariki mapema mwaka 1915, ikasaidia kuizingira manowari ya Kijerumani Königsberg iliyokuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji, na mwaka 1916 ikaipiga Dar es Salaam kwa mizinga.

Tarehe 25 Aprili 1915 Waaustralia na Wanyuzilandi walishuka ufukweni Gallipoli, Uturuki. Walikaa miezi minane wakiwa wameng'ang'ania vilima, kisha wakaondolewa usiku kwa siri. Zaidi ya Waaustralia 8,000 walikufa pale. Hata hivyo, habari za ushujaa wao ziliwasha moto mpya nyumbani, na idadi ya waliojiandikisha ikapanda kuliko wakati wowote katikati ya mwaka ule.

Kilichobadilisha hali ni Ufaransa. Usiku wa tarehe 19 Julai 1916, huko Fromelles, divisheni moja ya Australia ilipoteza watu 5,533 kwa kufa, kujeruhiwa au kutekwa. Siku chache baadaye yakaanza mapigano ya Pozières, kijiji kidogo kilichosagwa na mizinga hadi kikawa vumbi. Katika wiki zisizozidi saba, Waaustralia wapatao 23,000 waliuawa au kujeruhiwa ndani ya eneo ambalo mtu angelizunguka kwa miguu asubuhi moja. Magazeti ya nyumbani yalianza kuchapa orodha ndefu za majina.

Wakati huohuo Waziri Mkuu Billy Hughes alirudi kutoka London. Alikuwa amewatembelea askari mahandakini, akawapenda nao wakampenda. Alirudi akiamini kwamba wanaojitolea hawatoshi. Uingereza ilikuwa imeanza kulazimisha watu mwaka huohuo, na Nyuzilandi nayo. Lakini sheria ya ulinzi ya Australia iliruhusu serikali kumlazimisha raia kulinda ardhi ya Australia tu, si kumpeleka ng'ambo. Hughes alitoka chama cha Labor, chama cha wafanyakazi, na alijua wenzake wengi bungeni wangeikataa sheria mpya. Akaamua kuwapelekea wananchi swali lenyewe, akitumaini kwamba wakikubali, chama kitanyamaza.

Kura ilipigwa tarehe 28 Oktoba 1916. Swali lilikuwa refu, lenye maneno ya kisheria, na neno lenyewe la kulazimisha watu jeshini kwa jina lake la kawaida halikuwemo. Waliosema ndiyo walikuwa 1,087,557. Waliosema hapana, 1,160,033.

Wengine husema walioifanya hapana ishinde ni Wakatoliki wenye asili ya Ireland, waliokasirishwa na jinsi Uingereza ilivyowaua kwa risasi viongozi wa uasi wa Dublin wa Pasaka ya 1916. Jambo hilo lilikuwepo, na Daniel Mannix, askofu wa Kikatoliki wa Melbourne, alisema waziwazi kwamba Australia imeshatoa vya kutosha. Lakini Wakatoliki hawakuwa wengi kiasi cha kushinda kura peke yao. Kwa maoni yangu, jibu liko kwenye maisha ya kila siku ya watu ambao kwa kawaida wasingekaa kikao kimoja.

Mfanyakazi wa mjini aliona bei ya chakula inapanda na mshahara wake umesimama. Aliogopa kwamba vijana wakiondolewa kwa lazima, matajiri wataleta vibarua wa bei rahisi kutoka nje. Hofu hiyo ilichanganyika na ubaguzi wa rangi uliokuwa sera rasmi ya nchi, na haifai kuficha kwamba baadhi ya kura za hapana zilitoka huko. Mkulima wa ngano naye alikuwa anakaribia mavuno. Kijana wa kwanza alishakwenda, wa pili yuko shambani. Huyo akichukuliwa, nani atavuna?

Kisha kulikuwa na akina mama. Wanawake wazungu wa Australia walikuwa na haki ya kupiga kura za kitaifa tangu mwaka 1902, kabla ya wenzao wa Uingereza, kwa hiyo walikuwa na neno katika jambo hili. Pande zote mbili ziliwalilia. Upande mmoja uliwaambia wasiwaache wana wao wapigane bila msaada. Upande wa pili, ukiongozwa na watu kama Vida Goldstein wa Melbourne, uliwauliza kama wako tayari kumtuma mtoto wa mwenzao kwenda kufa. Swali hilo la pili lilikuwa zito. Mama anaweza kumbariki mwanawe anayeondoka kwa hiari, lakini kutia alama kwenye karatasi ili mwana wa jirani achukuliwe kwa nguvu ni jambo jingine kabisa.

Hughes mwenyewe aliharibu. Wiki chache kabla ya kura, aliamuru vijana wasio na wake, wa miaka 21 hadi 35, waripoti kambini kwa mafunzo, kana kwamba matokeo yameshajulikana. Walioomba kusamehewa walichukuliwa alama za vidole kama wahalifu. Watu wakaonjeshwa jinsi amri hiyo itakavyokuwa, na ladha haikuwapendeza. Mawaziri wake watatu walijiuzulu siku moja kabla ya kura.

Na askari wenyewe? Nao walipiga kura hukohuko kambini na vitani: 72,399 walisema ndiyo, 58,894 walisema hapana. Hughes alitegemea wamfuate karibu wote. Lakini wengi walioijua mizinga ya Pozières hawakutaka mdogo wao aione, na wengine hawakutaka kulala handaki moja na mtu aliyeletwa kwa kamba. Kila nikizisoma namba hizo naona kwamba nyumbani na vitani hawakuwa mbalimbali kama tunavyodhani.

Ungedhani nchi iliichoka vita. Sivyo. Labor ilipasuka vipande viwili, Hughes akatoka na wafuasi wake, akaunda chama kipya, na Mei 1917 akashinda uchaguzi kwa kishindo. Wapiga kura walitaka vita iendelee. Walichokataa ni lazima.

Alipojaribu tena, tarehe 20 Desemba 1917, mambo yalikuwa machungu zaidi. Mgomo mkubwa wa wafanyakazi ulikuwa umetikisa Sydney. Majirani waliokaa pamoja miaka mingi hawakusalimiana. Huko Warwick, Queensland, Hughes alirushiwa yai likamwangusha kofia, na askari polisi wa jimbo alipokataa kumtii, akaanzisha jeshi la polisi la shirikisho. Hapana ilishinda kwa tofauti kubwa zaidi, kura 1,181,747 dhidi ya 1,015,159.

Wapo ambao hawakuulizwa. Wenyeji wa asili wa Australia, ambao wengi wao hawakuruhusiwa kupiga kura, walipeleka watu wapatao 1,000 katika vita hiyo, ingawa kanuni za jeshi zilitaka askari wa asili ya Ulaya. Na katika miaka ileile, chini ya taji lileile la Uingereza, mababu zetu wengi walichukuliwa vijijini kwa nguvu kubeba mizigo ya majeshi. Makumi ya maelfu walikufa kwa maradhi na uchovu, na jina la kikosi chao cha wapagazi limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Hakuna aliyewapa karatasi ya kura.

Miongoni mwa Waaustralia waliopinga mwaka 1916 alikuwamo mwandishi na mtu wa vyama vya wafanyakazi aitwaye John Curtin. Hakuitikia amri ya kuripoti kambini, akahukumiwa, akakaa jela siku tatu. Mwaka 1941 Curtin huyo akawa waziri mkuu. Mwaka uliofuata ndege za Japani zikaupiga mji wa Darwin, na safari hii vita ilikuwa mlangoni. Februari 1943 Bunge lilipitisha sheria yake ya kuruhusu askari walioitwa kwa lazima wapelekwe nje ya ardhi ya Australia, katika visiwa vya kusini magharibi mwa Pasifiki.