"Nishaambiwa nitembee, darasani nikasikie nini tena?"

Dhana: Programu ya kuzuia kisukari ni mihadhara tu ya usile hiki, usinywe kile.

Hii ndiyo inayowafukuza wengi, tena wenye akili zao. Daktari kashasema sukari imeanza kupanda, ushauri keshautoa, sasa programu ya nini?

Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 unajibu vizuri. Watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa juu, ila haijafikia kisukari, waligawanywa makundi matatu. Moja lilipewa metformin, dawa ya kushusha sukari, la pili vidonge visivyo na dawa, la tatu programu ya chakula na mazoezi. Watu huwa hawataji kwamba hata waliomeza vidonge vitupu walipewa ushauri: maelezo ya kusoma, na kikao cha dakika 20 hadi 30 mara moja kwa mwaka. Yaani kile kile ambacho wengi wetu tunakipata kliniki.

Kundi la programu lilikuwa na masomo 16 katika miezi sita ya mwanzo, kila mtu na mshauri wake. Unapima uzito, unaandika ulichokula na dakika ulizotembea, mnakaa kutafuta kilichokukwamisha wiki hii, kisha mnapanga ijayo. Baada ya karibu miaka mitatu, wagonjwa wapya wa kisukari walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko kwenye vidonge vitupu.

Dhana: Dawa ingefanya kazi zaidi.

Metformin ilipunguza kwa asilimia 31. Haina maana aliyeandikiwa dawa aiache.

Dhana: Lazima upungue mpaka nguo zikupwaye.

Lengo lilikuwa asilimia 7 ya uzito. Mwenye kilo 90 anatafuta kilo sita na ushei. Mazoezi ni dakika 150 kwa wiki, na kutembea kwa kasi kunatosha.

Dhana: Wazee wameshachelewa.

Kinyume kabisa. Kwa wenye miaka 60 na kuendelea, upungufu ulifika asilimia 71.

Dhana: Kilo zikirudi, kazi yote bure.

Kilo hurudi kweli, tusidanganyane. Lakini huko Da Qing, China, programu iliyoanza 1986 ilidumu miaka sita tu, na washiriki wakafuatiliwa kwa miaka 30. Waliopitia programu walichelewa kupata kisukari kwa takriban miaka minne, na vifo vya moyo na mishipa vilikuwa vichache.

Dhana: Basi inafaa wakati wowote.

Hapa niwe mkweli. Marekani walijaribu programu kali kwa watu wanene waliokwisha kupata kisukari aina ya pili. Uzito ulishuka, sukari ikatulia, lakini mwaka 2012 utafiti ukasimamishwa: mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua kuliko kwa wenzao wasio kwenye programu hiyo. Ndiyo maana wanaoandikishwa hutafutwa mapema, sukari ikiwa ndiyo kwanza inapanda.