Abiria wa Kondele hapigi kura ya bahati

Ukitaja modeli za uwezekano, yaani hesabu za kukadiria abiria atachagua usafiri gani, wengi hudhani zinamwona abiria kama mtu anayerusha shilingi hewani. La hasha. Mama anayetoka Kondele, Kisumu, kwenda mjini na ndoo mbili za omena anajua fika kwa nini anapanda tuktuk: ndoo zitakaa miguuni pake, na hatagombana na makanga. Asiyejua ni mtafiti. Yeye ameandika nauli na muda wa safari tu, ndoo hakuziona. Uwezekano ndio kipimo cha hayo asiyoyaona. Mwanasaikolojia L. L. Thurstone alianza kulifikiria jambo hili mwaka 1927, na mwanauchumi Daniel McFadden akaliweka kwenye uchumi kwa modeli ya logiti, kanuni inayogeuza mambo kama nauli na muda kuwa uwezekano wa kila chaguo, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Kwa hiyo modeli ikisema uwezekano wa kupanda matatu ni 0.7, haimaanishi kwamba fulani lazima aipande. Maana yake ni kuwa kati ya abiria 100 wanaofanana kwenye karatasi ya mtafiti, takriban 70 wataipanda.

Wapo pia wasemao hizi ni hesabu za darasani. Kabla treni za abiria za BART hazijaanza kazi eneo la San Francisco, Marekani, mwaka 1972, makadirio rasmi yalikuwa kwamba zitabeba asilimia 15 ya safari za kwenda kazini. Kundi la McFadden lilikadiria 6.3. Ikawa 6.2.

Dhana inayoponza zaidi ni kwamba chaguo jipya hupunguza yote ya zamani kwa uwiano uleule. Tuseme nusu ya abiria hupanda matatu, nusu tuktuk. Sasa nusu ya matatu zipakwe rangi nyingine, nauli na mwendo vibaki vilevile. Logiti ya kawaida, ikizihesabu kama chaguo mbili, itagawa theluthi kwa kila moja, yaani tuktuk imepoteza abiria kwa sababu ya rangi! Ukweli ni kwamba tuktuk inabaki na nusu yake, na matatu zinagawana robo kwa robo. Mwanauchumi Gérard Debreu alitoa pingamizi la aina hii mwaka 1960. Dawa ya kasoro hii ni kuziweka chaguo zinazofanana katika kundi moja, zinyang'anyane abiria zenyewe kwanza.

Boda boda je? Hapo pana kazi. Inakufikisha mlangoni kama tuktuk, ila mvua ikinyesha unalowa, na ndoo mbili ni taabu. Iingie kundi gani, hilo hupimwa kwa takwimu za abiria wenyewe, halikisiwi ofisini.